Kopo la Silasi

Tabora ni mji uliozoea bei za mbali. Zamani za misafara, mtu aliyekaa Kwihara na pembe za ndovu ghalani mwake aliweza kukueleza pembe inauzwaje Unguja, na Unguja kwenyewe walijua inauzwaje Bombay na London. Ila habari ilitembea kwa miguu ya wapagazi, na ilipofika ilikuwa na umri wa miezi. Watu waliifanyia biashara hivyo hivyo, imezeeka. Ikaja reli, bei ikawa inafika ikiwa na umri wa siku chache, na watu wa Tabora wakajiona wa kisasa.

Humaidi bin Nabhan alizaliwa katika desturi hiyo ya kusikiliza bei za mahali asipopajua. Babu yake alitoka Oman, bibi yake alikuwa Mnyamwezi wa Uyui, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika mbali kuliko Dodoma. Miaka ya mwanzo ya uhuru alikuwa na duka la chumvi, sukari na sabuni karibu na soko, na nyuma ya duka ghala dogo lililojaa mikate ya nta, ile nta ya nyuki waliyoiyeyusha warina asali wa misitu ya kusini. Nta nyingi ilikuwa ya wakati wa marehemu baba yake. Haikuoza, haikuliwa na panya, wala haikuuzwa. Ilikaa pale ikinukia, na Humaidi aliipita kila asubuhi kama mtu anavyopita nguzo ya nyumba yake.

Umaarufu wake haukutoka dukani. Ulitoka barazani.

Mara moja kwa wiki, baada ya sala ya alasiri, Silasi, karani wa stesheni, alikuja pale barazani na gazeti la Nairobi lililoachwa na abiria wa daraja la kwanza. Silasi alikuwa Mkristo wa kutoka upande wa Igunga, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Katika ukurasa wa ndani wa gazeti kulikuwa na bei za hisa za makampuni. Kwa watu wengi wa Tabora ukurasa ule ulifaa kufungia karanga. Pale barazani ulikuwa mchezo.

Walikuwa na makopo matano ya maziwa ya unga. La kwanza lilikuwa kampuni ya chai, la pili saruji, la tatu mkonge, la nne sigara. Kila mchezaji alikuwa na mbegu zake ili zisichanganyike: Humaidi kokwa za ukwaju, Silasi punje za mahindi, na Twalibu, fundi cherehani aliyeshona kanzu mlango wa pili, alikuwa na kunde. Wengine wawili watatu walikuja na kuondoka. Mwanzo wa mwaka kila mtu alipewa mbegu sawa na wenzake, akazigawa katika makopo apendavyo. Silasi akisoma kwamba chai imepanda, mbegu ziliongezwa katika kopo la chai kwa kadiri ya kila mtu, ikishuka, zilipunguzwa. Aliyetaka kuhamisha alihamisha papo hapo. Hesabu ya mwisho ilifanywa siku ya vunja jungu, watu wanapokula na kufurahi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Wa mwisho alinunua halua ya wote. Wa kwanza alikwenda na sahani kubwa nyumbani.

Kopo la tano lilikuwa la kiwanda cha bia. Siku lilipoletwa, Twalibu alilitazama kama mtu aliyewekewa chura kwenye sahani.

"Hapa tumetoka kusali," alisema. "Neno hilo lisitajwe barazani."

"Basi lipeni jina langu," Silasi akajibu. "Mimi kwetu si haramu. Likipanda nimepanda mimi, likishuka mniombee."

Ikawa hivyo. Waislamu waadilifu, wenye sijda kwenye paji la uso, wakawa wanasema, "Niwekee kumi kwa Silasi," na mikono yao ikatupa mbegu humo bila kusita. Zilikuwa mbegu tu. Hakuna aliyekunywa ukwaju akalewa.

Humaidi alishinda mwaka wa kwanza. Akashinda na wa pili. Alikuwa mwepesi, bei ikitikisika alihamisha kokwa zake kabla Silasi hajakunja gazeti. "Huyu ana pua ya mbwa," Twalibu alilalamika, akihesabu kunde zake zilizobaki. Wakampa jina la Bwana Hisa, na watu waliopita njiani walimwamkia nalo, nusu kwa mzaha, nusu kwa heshima. Yeye alikana kwa kutikisa kichwa, lakini alianza kuvaa kofia yake ikiwa imesimama zaidi.

Sahani za halua alizipeleka kwa dada yake.

Semeni alikuwa amemlea. Mama yao alipofariki, Humaidi alikuwa bado hajaota meno ya utu uzima, na Semeni, aliyekwisha kuolewa Kwihara, alimchukua akamweka nyumbani kwa mumewe. Sasa alikuwa mjane, amerudi mjini, anakaa nyumba ya pili kutoka duka la nduguye, na alikuwa na nia moja iliyomkalia moyoni: kwenda Makka. Hakuwa mtu wa kuitangaza. Ila mwaka 1964 aliuza shamba la mpunga aliloachiwa na mumewe Kwihara, na jioni moja Humaidi alipompelekea halua alimkuta ameketi kwenye mkeka, kitambaa chenye fedha kiko mbele yake kimefungwa fundo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Bwana Halua. Keti." Alionja kipande, akalamba kidole. "Hii umeshinda au umenunua?"

"Nimeshinda."

"Mwaka wa ngapi sasa?"

"Wa pili, dada. Mchezo tu."

Semeni akalisogeza lile fundo. "Nimeuliza nauli. Fedha za shamba zinanifikisha. Kwenda ninaweza, ndugu yangu. Kurudi ndiko kunanishinda."

"Watu hufa Makka wakaonekana wana bahati," Humaidi alitania.

"Waache wafe. Mimi nina wajukuu." Akamtazama. "Hizi zifanyie kama unavyozifanyia kokwa zako. Miaka miwili, mitatu. Zikizaa nauli ya kurudi, basi."

"Dada, zile ni kokwa."

"Na hizi ni nini? Karatasi tu. Tofauti ni picha."

Alicheka, na Humaidi akacheka naye. Tangu utotoni hakuwahi kumkatalia jambo. Tena, ndani yake, lile jina la Bwana Hisa lilikuwa limekaa kimya likisubiri kuitwa kwa kazi ya kweli.

Alikwenda benki, amevaa kanzu nyeupe, Semeni nyuma yake. Karani wa benki, kijana nadhifu wa Kihindi, alieleza kwamba wao wataandika Nairobi kwa dalali wa hisa, dalali atanunua, na hati zitaletwa kwa posta. Akatoa kalamu.

"Kampuni gani, mzee? Bia inakwenda vizuri sana."

Humaidi alihisi dada yake akijitanda upya buibui lake. Hakuhitaji kugeuka. Fedha hizi zilikuwa za hija.

"Andika nyingine," alisema.

"Sigara?"

Semeni akakohoa. Mumewe alikuwa mvutaji, na alikufa kwa kifua.

"Chai," akasema Humaidi. "Andika chai."

Baada ya wiki kadhaa Nairobi ilijibu kwamba hisa za chai hazina muuzaji. Waliokuwa nazo walizikalia. Katika makopo kulikuwa na nafasi ya kila mtu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa Humaidi kusikia kwamba mtu anaweza kutaka kununua asipate. Saruji nayo ilikuwa imepanda mno, fedha zingepata vihisa vichache tu. Ukabaki mkonge. Mwaka ule mkonge ulisifiwa hata redioni. Ulikuwa ukivuka bahari kwenda kusokotwa kamba za dunia nzima. Fedha zote za shamba la Kwihara zikaingia katika mkonge. Hati ilipokuja, Semeni aliifunga katika khanga yake ya harusi, akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Kwa miezi michache dada na ndugu walikuwa na furaha ndogo ya siri. Kisha Ulaya ikagundua, au ikakumbuka, kwamba kamba inaweza kutengenezwa kwa nailoni.

"Mkonge, chini," Silasi alisoma siku moja.

Mkono wa Humaidi ulikwenda wenyewe. Alichota kokwa zake zote kutoka kopo la mkonge, akazitupa nyingine katika saruji, nyingine kwa Silasi. Haikuchukua muda wa kumeza funda la kahawa.

Twalibu, aliyejua habari za benki kama mtaa mzima ulivyojua, alimtazama kwa jicho la pembeni. "Kokwa zimetoka. Na za dada nazo zimetoka?"

"Bado."

"Mbona? Mkonge si ule ule?"

"Utapanda tena."

"Kama utapanda tena, kokwa umezitolea nini?"

Humaidi alimwambia akashone vifungo vya watu. Lakini swali lilikwenda naye nyumbani, likala naye ugali. Kokwa hazikuwa na mtu aliyezilimia mpunga. Akiuza hisa leo, shamba la Kwihara litakuwa limepungua, na atalazimika kwenda kukaa kwenye ule mkeka na kusema hivyo. Asipouza, karatasi iko sandukuni, maandishi yake ni yale yale, na hakuna kilichopungua ambacho mtu anaweza kukishika kwa mkono. Akangoja. Mkonge ukashuka tena. Akangoja zaidi, sasa kwa sababu ya pili: aliyeshindwa kuuza jana kwa hasara ndogo, atauzaje leo kwa kubwa?

Dada yake alipouliza, alijibu, "Inakwenda." Hakusema inakwenda wapi.

Ikafika siku ya vunja jungu mwishoni mwa mwaka 1965. Barazani palijaa. Makopo yalimwagwa kwenye mkeka moja baada ya moja, kila moja na fungu lake, na Humaidi akawa wa kwanza tena, kwa mbali kuliko miaka yote. Watu wakapiga makofi. Twalibu, aliyekuwa wa mwisho, aliapa kwamba ukwaju una mizimu. Sahani ya halua ikawekwa mbele ya mshindi.

Humaidi hakuigusa. Gazeti lilikuwa moja. Mtu alikuwa mmoja. Mikono hii hii iliyojaza makopo ilikuwa imezama mpaka kiwiko katika mkonge. Alitaka kujua ushindi ulitoka wapi, jambo ambalo hakuwahi kuliuliza alipokuwa akishinda. Siku zote alihesabu jumla tu. Akaanza kuzirudisha kokwa zake katika makopo zilikotoka. Chai: konzi moja. Saruji: konzi moja na nusu. Sigara: chache. Mkonge: hakuna. Kisha akachota zilizobaki kuzitia katika kopo la tano, zikajaa, zikafurika, zikamwagika kwenye mkeka mpaka magotini pa Silasi.

Silasi alizikusanya taratibu. "Ndiyo, bwana," alisema, kana kwamba ni habari ya kila mtu. "Ushindi wako wote umekaa kwangu. Tangu mwaka ule wa kwanza. Ningehamishwa kwenda Kigoma ungekuwa unanunua halua wewe."

Kicheko kilipasuka. Twalibu alipiga paja. "Bwana Hisa! Kumbe miaka yote wewe ni Bwana Pombe!"

Humaidi alitabasamu kwa adabu, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha akaomba radhi, akachukua sahani yake, akaondoka.

Semeni alikuwa akipepeta mchele wa daku. Aliiona sahani, akaangalia uso wa nduguye, akaweka ungo chini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Shamba lako." Akakaa kwenye mkeka. Alimweleza yote kama yalivyokuwa: mkonge, nailoni, kungoja, na kopo lile. Alimwambia kwamba kilichobaki sasa hakifiki nusu, na kwamba hata hicho hawezi kukipata kesho, kwa sababu kuuza pia kunahitaji mnunuzi.

Nje mwadhini alikuwa akikohoa kusafisha koo.

"Ungeninunulia pombe, ningepata nauli ya kurudi?"

"Ungepata, na ya kununulia zawadi."

"Nikatufu Kaaba kwa pombe." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hapo hukukosea. Ulikosea kwenye kokwa. Mlikuwa mnacheza kwa mkono wa Silasi, halafu ukaja kwangu na mkono wako."

"Ndiyo."

"Na mwaka mzima ukaniambia inakwenda."

Semeni alirudi kwenye ungo wake. Hakumfukuza, wala hakumkaribisha chakula, na mtu aliyelelewa na Semeni alijua maana yake.

Humaidi aliandikia benki siku iliyofuata. Kokwa zilihama kwa kufumba na kufumbua. Hisa za mkonge zilichukua miezi kupata mtu wa kuzitaka, na dalali akakata ujira wake juu ya hasara. Ramadhani ilipita, Idi ikapita, mvua zikanyesha zikaacha. Fedha zilipofika, fundo la kitambaa lilikuwa dogo kiasi kwamba Humaidi aliona haya kulibeba mkononi mtaani, akalitia mfukoni.

Kabla ya kulipeleka aliingia ghalani kutafuta karatasi ya kulifungia vizuri, na akasimama mbele ya nta.

Katika miaka yote ya makopo hakuwahi kuihesabu. Haikuwa gazetini, kwa hiyo haikuwa mali. Akapiga hesabu ya baba yake: nani aliifungua mizigo ile, nani aliipanga, na baba alipokufa nani aligawana na nani. Waligawana nyumba, waligawana ng'ombe. Nta hawakuigawa. Semeni alikuwa Kwihara na mume mgonjwa, Humaidi alikuwa na funguo, na mambo yakakaa hivyo bila mtu kukusudia ubaya. Ila sheria ya mirathi iko wazi: mtoto wa kike ana fungu lake.

Wakati ule wafanyabiashara kama yeye walikuwa wakiachia biashara ya nta mikononi mwa chama cha ushirika cha warina asali, na watu wa chama walikwisha kumuuliza mara mbili kama anauza akiba yake. Mkewe Zamda aliwahi kumsihi asiiuze, kwa kuwa bila nta ile yeye hatakuwa mfanyabiashara tena, atakuwa muuza chumvi. Sasa aliwaita. Lori la chama lilipoondoka, ghala lilibaki na harufu na alama za duara sakafuni.

"Muuza chumvi," alisema Zamda mlangoni.

"Chumvi hailiwi na watu?" akajibu.

Semeni aliyapokea mafundo mawili, dogo la mkonge na kubwa la nta, akayatazama.

"Hili sikulileta."

"Ni fungu lako la nta ya baba. Lilikuwa kwangu."

"Fungu langu ni theluthi. Hapa naona zaidi."

"Zaidi ni kodi ya ghala. Nimekaa na mali yako miaka kumi na mitano."

"Kodi hulipa aliyeweka mzigo, si mwenye ghala. Hata uongo hujui kuupanga." Lakini alilifunga fundo, akalitia chini ya sanduku, na siku hiyo alimpakulia chakula.

Aliondoka Februari ya mwaka 1967, kwa garimoshi mpaka Dar es Salaam, na huko meli. Mji mzima wiki ile ulikuwa na habari nyingine. Redio zilitangaza kwamba serikali imechukua mabenki na imeingia katika viwanda vikubwa, na stesheni watu walikuwa wakiulizana ujamaa utaanzia wapi na kuishia wapi. Silasi mwenyewe alimkatia Semeni tiketi na kumwekea kikapu chake dirishani.

"Sasa lile kopo lako ni la taifa?" Twalibu alimuuliza Silasi garimoshi likivuta pumzi.

"Ni lako pia, fundi. Mwananchi ni wewe."

"Astaghfirullahi! Mimi sikuomba."

Semeni aliwasikia, akatoa kichwa dirishani. "Twalibu, umwangalie ndugu yangu. Asikaribie gazeti." Kisha garimoshi likaondoka, na Humaidi akabaki ameinua mkono mpaka behewa la mwisho likapita mnara wa maji.

Semeni alirudi. Alirudi mwembamba, mwenye furaha, na dumu la zamzam alilolilinda njia nzima kama mtoto mchanga.

Humaidi naye alikuwa amerudi kwenye mchezo, kwa kuwa baraza lilikuwa lile lile, gazeti liliendelea kuja, na mtu hawezi kuzikwa kabla ya kufa. Lakini alicheza kwa namna mpya. Alitia kokwa mahali ambapo angetia fedha za Semeni, hakutia pengine. Chai alipoitaka, alimuuliza Silasi kwanza kama kuna muuzaji. Na kwa kuwa Silasi hakujua, aliacha. Akitaka kuhamisha alingoja wiki kadhaa, kama alivyongojeshwa na Nairobi. Wenzake walichoka naye. "Unacheza au unaomboleza?" Twalibu aliuliza. Kokwa za ukwaju zilipungua polepole, na hakuna aliyemwita tena Bwana Hisa.

Siku ya vunja jungu ya mwaka ule alikwenda kwa dada yake wakati wa magharibi, sahani mkononi, ndogo kuliko za zamani.

"Shikamoo, Hajati."

"Marahaba." Semeni alimega kipande, akakitia kinywani. "Hii umeshinda au umenunua?"

"Nimenunua."

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho kabisa. Hata Twalibu amenipita."

Semeni alicheka mpaka akashika mbavu, akamega kipande cha pili, kisha akaisogeza sahani katikati ya mkeka ili naye ale.